Jengo Lifungwe, Mlezi Abaki

Kama unanisikiliza moja kwa moja, sasa ni saa tatu na dakika chache, na katika makao ya watoto hii ndiyo saa ya makabidhiano. Mlezi wa mchana amefungua daftari la zamu na anamsomea mwenzake wa usiku: nani ana homa, nani amegombana na nani, nani amepigiwa simu na shangazi yake na tangu hapo hajasema neno, nani leo hakumaliza chakula. Kisha mmoja anakwenda kuwahi daladala. Mwingine anabaki na wavulana 20, wa miaka 13 hadi 17, na mlinzi mmoja getini, mpaka kuche.

Leo tumzungumzie huyo anayebaki. Tukijadili watoto wanaolelewa nje ya familia zao huwa tunawataja wafadhili, wenye makao, Serikali na mashirika. Mlezi wa zamu hatajwi. Hata katika ile picha ya kukabidhi mchele na mafuta ya kula siku ya sikukuu humwoni, maana saa hiyo yuko bwenini anahimiza watu wavae mashati safi. Kwa mtoto, lakini, huyo ndiye makao yenyewe. Mkurugenzi anamwona kwa nadra. Huyu anamwona akipiga mswaki.

Hoja yangu ya leo ni moja, na nitaisema mapema ili tuipime pamoja. Nchi zetu zinaelekea kupunguza makao ya watoto na kuwarudisha watoto katika familia. Mimi naunga mkono safari hiyo. Ila naona tumepanga kuhamisha watoto, vitanda na mafaili, na tumesahau kupanga tutamfanya nini mtu aliyewajua watoto hao kwa miaka. Tukimpoteza yeye, tutakuwa tumemkata kijana kwa mara ya pili kutoka kwa watu wake.

Tuanze na safari yenyewe. Mwaka 2012 Rwanda ilipitisha mkakati wa taifa wa kuwatoa watoto katika makao, na mwaka uliofuata ikaanza programu ya Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya ya hisani mwezi Novemba 2017. Mwaka 2022 ikapata Sheria mpya ya Watoto pamoja na mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuhamishia malezi kwenye familia na jamii. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayatambua makao, lakini ukiongea na afisa ustawi wa jamii yeyote atakwambia makao ni kimbilio la mwisho, na kwamba anatafuta familia za kuaminika za kumpokea mtoto wakati ndugu zake wanatafutwa. Nchi zote hizo zinafuata mwelekeo mmoja na Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009.

Mwelekeo huo una sababu za msingi. Wengi wa watoto walioko kwenye makao si yatima wa pande zote. Wana mama, au baba, au bibi aliye hai, na kilichowaleta ni ufukara, ugonjwa, ugomvi wa nyumbani au ada ya shule. Kisha kuna utafiti mashuhuri wa Bucharest, mji mkuu wa Romania, ulioanza mwaka 2000. Uliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi kwenye taasisi. Waliopelekwa kwa familia za malezi walikua vizuri kuliko waliobaki, na kadiri mtoto alivyohamishwa mapema, ndivyo alivyonufaika zaidi.

Mapema. Hapo ndipo kijana balehe anapoachwa nyuma. Mke na mume wanaotaka kuasili mtoto huuliza kama kuna kichanga. Familia ya kuaminika inampokea binti wa miaka mitatu kwa vigelegele. Ukiwatajia mvulana wa miaka 15 aliyetoroka shule na anayelala na kisu chini ya mto, wanaomba wakafikirie, na hawarudi. Basi makao yanavyozidi kupungua, wanaobaki ndani ni wakubwa. Na sisi tuna methali ya kujifariji: samaki mkunje angali mbichi. Tafsiri yake mitaani ni kwamba huyu ameshakauka, tusipoteze nguvu.

Nani kasema amekauka? Wanasayansi wa ubongo wanatueleza kwamba balehe ni kipindi cha pili, baada ya utoto wa mwanzo, ambapo ubongo hujipanga upya kwa kasi. Sehemu ya mbele, ile inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu afike miaka ya ishirini na kitu. Kijana wa miaka 15 bado anakunjika. Tofauti ni kwamba huyu hakunjwi kwa nguvu. Ana miguu ya kuondoka, ana ulimi wa kujibu, na ana kumbukumbu ya watu wazima waliomwahidi mambo.

Sasa tuingie bwenini tuone kazi yenyewe.

Jumamosi mlezi mpya anakagua vitanda. Chini ya godoro la kijana mmoja anakuta vipande vya ugali vilivyokauka, chapati mbili na sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Atamwita mwizi, na pengine atampigisha magoti mbele ya wenzake. Mlezi mzoefu anajua kwamba mtoto aliyelala njaa kwa muda mrefu huendelea kuweka akiba hata mahali penye chakula cha kutosha, maana tumbo lake halijaamini. Anamletea kopo lenye mfuniko. Anamwambia: hili lako, weka humu tusije tukaletewa mende, likiisha njoo nikujazie karanga. Mwanzoni kopo linajazwa kila siku. Baadaye karanga zinakaa mle hadi zinachacha. Hakuna hotuba iliyotolewa, hakuna semina iliyofanyika, lakini kuna mtoto ambaye ameanza kuamini kwamba kesho kuna chai.

Kisha kuna saa ya dawa. Kijana aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI amemeza dawa za kufubaza virusi tangu utotoni bila swali. Akifika miaka 14 anaanza kuuliza, anaanza kuchoka, anaanza kuogopa kuonwa. Anakiweka kidonge shavuni, anakwenda kukitema chooni. Daktari wa kliniki anamwona kwa vipindi; mlezi anamwona kila usiku. Mlezi akisimama mlangoni na kuita jina lake kwa sauti, "njoo unywe dawa zako", amemtangazia siri bweni zima, na kijana hatamsamehe. Akimwita kama anayemtuma kitu, akampa maji faraghani, akakaa naye dakika tano wakizungumza habari za Simba na Yanga, dawa imemezwa na heshima imebaki.

Usiku nao una kazi yake. Saa ya mwili wa kijana balehe husogea mbele, usingizi unamjia akiwa amechelewa kuliko mtoto mdogo, kwa hiyo amri ya kuzima taa saa tatu haimlazi. Inamwacha macho gizani. Na kwa kijana aliyewahi kuamshwa kwa kipigo, au kwa jambo baya kuliko kipigo, giza lina watu. Ndiyo maana walezi wazuri wa usiku hawanyati. Wanatembea kwa hatua za kusikika, wanaacha taa ya ukumbini ikiwaka, na wakilazimika kumwamsha mtu wanataja jina lake kabla ya kumgusa. Shuka iliyolowa ya mvulana wa miaka 14 inabadilishwa kabla wenzake hawajaamka, na haizungumzwi.

Na yupo aliyetoroka. Taarifa imetolewa polisi na ustawi wa jamii kama taratibu zinavyotaka, kisha saa nane za usiku anagonga geti mwenyewe. Walezi waliokomaa katika kazi hii wanajua swali la kwanza: umekula? La pili: umeumia popote? Maswali ya ulikuwa wapi, na nani, na kwa nini, yanasubiri asubuhi. Kijana anayejua kwamba kurudi ni salama atarudi siku nyingine pia. Anayejua kwamba kurudi ni fimbo atalala stendi.

Hayo ninayoyasimulia yana misingi ya kitaalamu. Mwanasaikolojia Fritz Redl, mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, aliendesha nyumba ndogo jijini Detroit iitwayo Pioneer House kati ya mwaka 1946 na 1948. Ilikuwa ya wavulana wakali walioshindikana kwingine. Moja ya mambo aliyosisitiza Redl ni kwamba mazungumzo yenye faida na kijana wa namna hiyo hufanyika karibu na tukio, kwa mahali na kwa wakati, na mtu anayeishi naye. Ukimsubirisha hadi Alhamisi akamweleze mshauri ofisini ugomvi wa Jumatatu, Alhamisi hana cha kueleza. Au anacho, lakini ameshakipanga. Mwaka 1969 Wamarekani watatu, Albert Trieschman, James Whittaker na Larry Brendtro, wakachapisha kitabu kiitwacho The Other 23 Hours. Hoja yake iko kwenye jina: mtaalamu anampata mtoto saa moja, na saa 23 zilizobaki ziko mikononi mwa wanaomwamsha, wanaomlisha na wanaomlaza. Tiba au jeraha, vyote hupatikana humo.

Mtaalamu mwingine, James Anglin wa Kanada, alichunguza nyumba kumi za malezi ya vijana katika jimbo la British Columbia na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Aliona kwamba nyuma ya matusi, vioo vilivyovunjwa na ukaidi kuna maumivu, na kwamba mtihani mkubwa wa mlezi ni kuyashughulikia maumivu hayo bila kumwongezea kijana mengine. Msikilizaji, huo ni mtihani hasa. Kijana wa kimo chako amekutukania mama yako mzazi mbele ya watu. Damu imepanda. Una fimbo, una funguo, una mamlaka. Unachotakiwa kufanya ni kushusha sauti. Huyo alishapigwa na mikono mizito kuliko yako, na bado yuko hivyo alivyo. Fimbo yako itamthibitishia tu jambo ambalo tayari analiamini kuhusu watu wazima.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Basi tazama kazi hii tunampa nani. Watoto wenye majeraha makubwa kuliko wote, katika saa ngumu kuliko zote, tunawakabidhi kwa mtu mwenye mafunzo machache kuliko wote na mshahara mdogo kuliko wote. Katika makao mengi ya watu binafsi mlezi ni binti aliyemaliza kidato cha nne, hana mkataba, analala pale pale, na likizo yake ni msiba. Akipata kazi ya dukani yenye elfu ishirini zaidi, anaondoka, na nani atamlaumu?

Akiondoka, kijana hasemi kitu. Anahesabu. Mama aliondoka, shangazi alimleta hapa akaondoka, matroni aliyempenda naye kaondoka. Kati yao wamepita wageni wa kujitolea, wale wanaofika Arusha au Moshi kwa wiki mbili, wanacheza, wanapiga picha, wanalia siku ya kuaga. Mtoto mdogo huwakimbilia wote. Kijana wa miaka 15 ameshajifunza kutomkimbilia yeyote, na sisi tunamwita jeuri. Anapokutukana wiki ya kwanza, mara nyingi anakupima: huyu naye ataondoka lini? Afadhali aondoke sasa kabla sijamzoea.

Dawa ya hesabu hiyo ni mtu anayekaa. Katika historia ya kazi hii, jina linalotajwa kwa heshima kubwa ni la Janusz Korczak, daktari wa watoto na mwandishi aliyeongoza nyumba ya yatima wa Kiyahudi mjini Warsaw kuanzia mwaka 1912. Watoto wa nyumba ile walikuwa na mahakama yao wenyewe, na hata Korczak alishitakiwa humo na kusimama mbele yao kama wengine. Mwezi Agosti 1942 Wanazi walipokuja kuwachukua watoto wapatao 200, yeye alikwenda pamoja nao hadi kambi ya mauaji ya Treblinka, ingawa alikuwa ameshapewa nafasi za kujiokoa. Hatuwadai walezi wetu ushujaa wa namna hiyo. Tunachoweza kujifunza kwake ni cha siku za kawaida: mtu aliyeongoza nyumba ile kwa takriban miaka thelathini aliweza kuruhusu watoto wamhoji, maana hawakuwa na wasiwasi kwamba wakimhoji ataondoka.

Utaniambia: wewe unawasifu walezi, na sisi tumesikia habari za walezi waliowadhuru watoto. Ni kweli zipo, na mwenye kudhuru afikishwe mahakamani. Lakini tazama mazingira yanayomficha mwovu. Ni pale ambapo mtu mmoja analinda bweni peke yake, hakuna aliyechunguza alikotoka, daftari la zamu haliandikwi, na mtoto hana pa kusemea. Weka watu wazima wawili kwa zamu. Piga simu kwa mwajiri wake wa zamani. Bandika ukutani namba 116, ile ya huduma ya simu kwa mtoto, isiyo na malipo, na uhakikishe watoto wanaifikia simu. Mlezi mwema hapotezi chochote kwa taratibu hizo. Zinamlinda hata yeye.

Sasa turudi kwenye kufunga majengo. Makao yakifungwa, hivi ndivyo mambo yanavyoelekea kwenda. Watoto wanatathminiwa, ndugu wanatafutwa, kila mtoto anafunguliwa faili. Vizuri. Walezi wanapewa barua ya shukrani. Kijana anapelekwa kwa mjomba Singida, na mjomba hajui habari ya lile kopo la karanga. Hajui kwamba huyu haamshwi kwa kutikiswa, wala nani asiyetakiwa kujua habari za dawa zake. Hajui kwamba akinyamaza siku mbili, ya tatu anaondoka. Faili lina tarehe ya kuzaliwa na darasa. Mengine yote yako kichwani mwa mlezi, na mlezi yuko kwao Kilosa anauza vitunguu.

Napendekeza orodha ya walezi itengenezwe siku ileile inapotengenezwa orodha ya watoto. Wanaofaa na wanaotaka wapewe kazi mpya katika mfumo mpya. Mlezi amsindikize kijana hadi kwa mjomba, alale pale usiku wa kwanza, arudi mwezi wa kwanza na wa tatu, na awe kwenye simu wakati wote. Wengine waandaliwe kuwa familia za kuaminika kwa ajili ya hao hao wakubwa ambao hakuna anayewataka. Mafunzo yao yafanyike kazini, kwa vipindi, na yatoe cheti kinachotambulika. Tunayo Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama. Inazalisha maofisa, na mlezi wa zamu naye anastahili mlango wake. Na fedha zilizokuwa zikilipia kuta, umeme na jenereta zimfuate mtoto na mtu anayemjua.

Halafu kuna siku ya miaka 18, ambayo kwa kijana wa makao inaweza kuja kama hati ya kufukuzwa. Mtoto wa nyumbani akifika 18 anaendelea kurudi kwao kula. Huyu anatoka na begi. Ili asajili laini ya simu kwa jina lake anahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ili apate namba ya NIDA anahitaji nyaraka kama cheti cha kuzaliwa, na watu wa kuthibitisha ni mtoto wa nani. Kama hakuna aliyeanza kulishughulikia jambo hilo akiwa na miaka 14, kule RITA kwenye usajili wa vizazi na kule kijijini kwao, basi anaingia utu uzima akiwa hana hata laini ya jina lake. Mlezi anayekaa ndiye anayekumbuka mambo haya mapema. Anamfundisha pia kupika wali usioungua, kujadiliana kodi ya chumba, na kwenda kliniki bila kusindikizwa. Na sikukuu ya Idi au Krismasi ikifika, kijana ana namba moja ya kupiga.

Msikilizaji, huenda mwezi ujao wewe na wenzako wa kazini, au wa jumuiya, au wa kikundi cha kuweka na kukopa, mtachanga na kupeleka sabuni na mchele kwenye makao fulani. Pelekeni, ni jambo jema. Ila mkifika, baada ya kuuliza kuna watoto wangapi, ulizeni swali la pili: mlezi aliyekaa hapa muda mrefu kuliko wote amekaa miaka mingapi, na nini kimemfanya akae? Wakiwaitia mtu, mwulizeni yeye mwenyewe anahitaji nini ili akae mwaka mwingine. Inawezekana jibu likawa dogo: bima ya afya, siku moja ya kupumzika kwa wiki, mwenzake wa zamu ya usiku. Basi mchango wa safari ijayo uende huko.

Na kama wewe unayenisikiliza ndiye huyo mlezi, na daftari la zamu liko mbele yako, yaandike unayoyajua kuhusu kila kijana: anachokula, kinachomtisha, kinachomtuliza, nani humpigia simu. Yaandike hata kama hakuna aliyekuagiza. Siku akihamishwa, dai nakala iende pamoja naye.